Kupanga Safari ya Mtoni: Maji ya Povu ya Sagana na Maji Mapana ya Idsowe

Ikisiri

Makala haya yanaeleza jinsi ya kupanga safari ya kayaki katika mto wenye ugumu wa wastani. Mfano wetu ni mto Tana, ambao una sura mbili: ule unaoruka juu ya miamba huko Sagana, na ule unaotambaa kimyakimya mbele ya kijiji cha Idsowe, karibu na Garsen. Tunaonyesha kwamba nguzo za mpango ni zile zile katika sura zote mbili, ijapokuwa hatari zinatofautiana. Aidha, tunajadili upungufu wa istilahi za mtoni katika Kiswahili, na kudai kwamba upungufu huo si suala la kamusi pekee bali ni suala la uhai.

1.0 Utangulizi

Wahenga walinena kwamba maji usiyoyafika hujui wingi wake. Mwandishi wa makala haya alizaliwa na kulelewa Idsowe, kijiji kilichoko ukingoni mwa mto Tana, pale ambapo daraja la barabara ya Malindi kwenda Lamu linauvuka mto. Kwa hivyo alidhani maji hayo ameyafika. Mafuriko ya mwaka 2018 yalimwonyesha kwamba hakuwa ameyafika.

Mwaka huo mto ulipovunja kingo zake, familia nyingi zilihamishwa kwa mitumbwi. Mtumbwi tuliokuwemo ulisukumwa na mkondo ukagonga mwembe uliokuwa umelala majini, nusu yake ikionekana na nusu nyingine imezama. Ulipinduka. Baadhi yetu tulishika matawi ya juu tukajivuta. Jirani yetu mmoja, mtu mzima aliyejua kuogelea kuliko sisi sote, alivutwa na maji chini ya matawi, wala hakupatikana hadi siku ya tatu.

Miaka kadhaa baadaye, nikiwa mwanafunzi wa chuo kikuu, nilikwenda Sagana pamoja na wenzangu wawili kujifunza kuendesha kayaki. Katika saa ya kwanza ya mafunzo, kabla hatujalowa hata kidole, mkufunzi alituchorea mti ulioanguka majini. Akatueleza kwamba maji hupita kati ya matawi yake lakini mwili wa mtu haupiti. Kwamba kitu hicho huua waogeleaji hodari katika mito yote duniani. Kwamba kina jina lake mahususi. Na kwamba ipo kanuni ya kukiepuka. Yote hayo aliyasema kwa Kiingereza. Nilikaa kimya. Nilikuwa nimefundishwa, kwa lugha isiyozungumzwa nyumbani kwetu, kitu kilichomuua jirani yangu.

Makala haya yamezaliwa na kimya hicho. Lengo lake ni kumweleza msomaji wa Kiswahili, kwa Kiswahili, namna safari ya mtoni inavyopangwa.

2.0 Mto mmoja, sura mbili

Tana ndio mto mrefu zaidi nchini Kenya. Urefu wake unakaribia kilomita 1,000. Chanzo chake ni milima ya Aberdare na Mlima Kenya, na humwaga maji yake katika Bahari Hindi huko Kipini. Wapokomo, ambao ndio wakulima na wavuvi wa kingo zake za chini, huuita Tsana. Itakumbukwa kwamba Kipokomo ni ndugu wa damu wa Kiswahili: lugha hizi mbili, pamoja na za Mijikenda, Kingazija na nduguze wa Visiwa vya Ngazija, na Kielwana, zimewekwa na wanaisimu katika kundi moja la Kisabaki. Jina lenyewe la kundi hilo ni la mto pia, kwani Sabaki ni jina jingine la mto Galana.

Katika sehemu za juu, karibu na mji wa Sagana, mto una mteremko na miamba. Maji hugonga mawe, hupanda, huanguka na kutoa povu jeupe. Hapo ndipo wapendao michezo ya majini wamekuwa wakienda kwa miaka mingi. Chini ya hapo mto unaingia katika mabwawa matano ya kuzalisha umeme: Kindaruma (1968), Kamburu (1974), Gitaru (1978), Masinga (1981) na Kiambere (1988). Baada ya mabwawa kuna maporomoko kadhaa, yakiwemo yale ya Adamson mpakani mwa mbuga za Meru na Kora. Kisha, kuanzia Garissa kwenda chini, ardhi inalala, nao mto unaanza kupinda kizingo baada ya kizingo hadi deltani. Hapo Idsowe hakuna mwamba wala povu. Maji ni mekundu kwa udongo, mapana, na kwa macho ya mgeni ni mapole.

Tulipofika na wenzangu kumweleza mzee mmoja wa kijiji kwamba tunakusudia kushusha kayaki zetu pale hadi Kipini, alituuliza, "Wanangu, mwatafuta maji yanayopiga kelele au maji yanayoua?" Tulicheka. Yeye hakucheka.

3.0 Maana ya ugumu wa wastani

Wapiga kafi duniani hutumia kipimo cha madaraja sita kueleza ugumu wa mto. Daraja la kwanza ni maji yaendayo yenye viwimbi vidogo. Daraja la pili lina mikondo iliyo wazi, na njia yake huonekana bila ya kushuka chomboni. Daraja la tatu, ambalo ndilo la wastani, lina mawimbi yasiyo na mpangilio yanayoweza kukijaza maji chombo kilicho wazi, vipito vyembamba, na mikondo inayomlazimu mpiga kafi kukigeuza chombo kwa ustadi. Anayepinduka hapa mara nyingi huweza kujiokoa, japo huenda akahitaji msaada wa wenzake. Katika daraja la nne nguvu za maji ni nyingi, na kujiokoa ni vigumu. La tano ni la mabingwa. La sita ni lile linalokaribia kutopitika.

Mambo mawili yasisahaulike. Kwanza, daraja si sifa ya kudumu ya mto. Sehemu iliyo ya tatu wakati wa kiangazi inaweza kuwa ya nne baada ya mvua ya usiku mmoja. Pili, kipimo hiki hupima maji tu. Hakipimi mamba, wala umbali wa hospitali. Ndiyo maana wataalamu hushauri kwamba mto ulio mbali na msaada uhesabiwe kuwa mgumu zaidi ya daraja lake.

4.0 Nguzo za mpango

4.1 Maji na majira

Swali la kwanza si "tutakwenda lini?" bali "maji yatakuwaje siku hiyo?" Nchini Kenya mvua za masika hunyesha kati ya Machi na Mei, na za vuli kati ya Oktoba na Desemba. Maji ya Sagana hupanda katika majira hayo na kushuka baadaye. Mwanagenzi na achague wakati maji yanaposhuka, si yanapopanda, kwa kuwa mto unaopanda hubeba magogo na huficha alama zake.

Idsowe hesabu ni nyingine. Mvua iliyonyesha Mlima Kenya huchukua siku kadhaa kufika deltani, hivyo mto unaweza kufurika chini ya mbingu zisizo na wingu. Isitoshe, mabwawa yakijaa maji hufunguliwa au hufurika, na wa chini hupata habari kwa kuona. Mamlaka ya Rasilimali za Maji ina vituo vya kupimia kina cha mto Garissa na Garsen. Mpangaji na aulize kina cha Garissa kabla ya kuondoka Garsen. Wazee nao wana kipimo chao kisichogharimu kitu. Jioni huchomeka kijiti ukingoni pale maji yanapokomea, na asubuhi hukitazama. Kijiti kikiwa kimezama, safari huahirishwa.

4.2 Madiko

Kila safari ina diko la kushulia chombo na diko la kutokea. Mpango wa mwanagenzi huishia hapo. Mpango wa mjuzi una madiko ya kati. Ni lazima ijulikane, kabla ya kushua, ni wapi mtu aliyeumia au aliyechoka anaweza kutolewa mtoni na kufikiwa na gari. Sagana barabara na mashamba yako karibu. Deltani, hasa nyakati za mvua, kijiji kinaweza kuwa karibu na mto lakini mbali na barabara. Hospitali ya Ngao iandikwe katika mpango, pamoja na njia ya kuifikia.

Aidha, mtu mmoja abaki nchi kavu akiwa na nakala ya mpango: majina ya wasafiri, saa ya kuondoka, saa ya kuwasili, na saa ambayo ikipita aanze kuwatafuta. Chifu na wazee wa vijiji vitakavyopitwa waarifiwe, na hali ya usalama iulizwe kwao. Kufanya hivyo ni adabu. Ni kinga pia.

4.3 Watu

Manahodha wengi chombo huenda mrama. Kundi liwe na kiongozi mmoja, na neno lake majini lisijadiliwe. Idadi ifaayo haipungui watu watatu: akiumia mmoja, wa pili hukaa naye na wa tatu huenda kutafuta msaada. Chombo cha mbele kiendeshwe na anayeujua mto. Cha nyuma kiendeshwe na hodari wa kuokoa. Wanagenzi wawe kati. Uwezo wa kundi hupimwa kwa aliye dhaifu zaidi. Asiyeweza kutoka katika kayaki iliyopinduka chini ya maji matulivu asipelekwe katika daraja la tatu.

4.4 Vyombo na vifaa

Ukiona vyaelea vimeundwa, na ukiona mtu aelea ujue amevaa. Jaketi la kuokolea maisha livaliwe na kufungwa, si kukaliwa. Kofia ngumu ni ya lazima penye miamba. Ipo pia sketi ya mpira inayoziba tundu la kayaki ili maji yasiingie. Mvaaji ajizoeze kuing'oa kwa mkono mmoja. Kila kundi libebe kafi la akiba, kamba ya kutupa iliyowekwa katika mfuko wake, kisu kifupi, filimbi kwa kila mtu, sanduku la huduma ya kwanza, na simu katika mfuko usiopenya maji. Anayetumia mtumbwi aongeze upo wa kukumbia maji na pondo, kwa maana penye maji ya kina kifupi na tope pondo hushinda kafi.

4.5 Ishara

Penye povu sauti haisikiki. Wapiga kafi wamekubaliana juu ya ishara chache. Kafi likiinuliwa wima maana yake ni njia i salama, njooni. Likishikwa kimlalo juu ya kichwa, simameni. Mlio mmoja wa filimbi ni kuita macho. Milio mitatu ni dharura. Ishara iliyo muhimu kuliko zote ni ya kuelekeza: kiongozi huonyesha upande wa kupita, kamwe haonyeshi hatari. Sababu ni nyepesi. Mwenye hofu huenda kule anakoonyeshwa.

4.6 Hatari na wokozi

Ukianguka penye miamba, lala chali, miguu mbele na vidole vikiwa juu ya maji, usijaribu kusimama. Mguu unaonaswa kati ya mawe huku maji yakisukuma mgongoni huuzamisha mwili hata katika maji yasiyozidi kiuno. Nyuma ya kila jiwe kubwa kuna maji yanayorudi juu, kinyume cha mkondo. Hapo ndipo kituo cha kupumzikia na kuwangojea wenzako.

Lakini kwa mti uliolala majini kanuni hugeuka. Kwanza kabisa, kaa mbali. Ogelea kwa nguvu kuelekea upande ulio wazi mapema, kabla hujavutwa. Ikiwa huwezi tena kuuepuka, usiuendee kwa miguu, kwa kuwa miguu itatangulia chini ya matawi na mwili utafuata. Geuka, kichwa mbele, uogelee kuuelekea kwa nguvu zako zote, uushike, upige miguu na kujirusha juu yake. Jirani yangu aliuendea kwa miguu.

5.0 Mpango huo huo Idsowe

Sasa tunarejea katika swali la mzee. Maji ya Idsowe, kwa kipimo cha madaraja sita, ni ya daraja la kwanza. Hata hivyo, anayeupanga mto huu kwa kipimo hicho peke yake amepanga nusu ya safari.

Miti iliyoanguka ni mingi, kwani mto hula gema upande wa nje wa kila kizingo, na miti ya ukingoni huangukia majini. Kwa hiyo mkondo wenye nguvu na miti iliyolala hukutana mahali pamoja. Kanuni ni kushika upande wa ndani wa kizingo mpaka uone kilichoko mbele.

Mamba na viboko wapo. Safari ianze jua limekwisha kupanda na ikome kabla halijazama. Mikono isining'inizwe majini. Kiboko hukimbilia kilindini anaposhtuka, basi usijiweke kati yake na kilindi. Gonga ubavu wa chombo mara kwa mara ili asikie ukija. Kayaki hukaa chini sana majini, na kwa hiyo humweka mpanda karibu na mamba kuliko chombo chenye kingo ndefu. Hili si jambo la kubuni. Mnamo Desemba 2010, Hendri Coetzee, Mwafrika Kusini aliyekuwa ameongoza msafara wa kuushuka mto Naili Nyeupe hadi baharini mwaka 2004, alinyakuliwa na mamba katika mto Lukuga, mashariki mwa Kongo, akiwa ndani ya kayaki na wenzake wawili wakiwa karibu naye. Alikuwa miongoni mwa wajuzi wakubwa wa mito ya Afrika. Ujuzi wa povu haukumkinga. Kwa sababu hiyo, mzee wetu alitushauri tuziache kayaki Sagana na tushuke deltani kwa mtumbwi mkubwa, pamoja na wenyeji wawili. Tulimtii.

Karibu na Kipini mto huanza kusikia bahari. Maji ya bamvua hupanda mtoni kwa nguvu, na wakati wa kupwa hutoka kwa nguvu ile ile. Safari ipangwe iwasili maji yakiwa yanakupwa kwa utulivu, nyakati za maji mafu, na iishie ndani ya mto bila ya kuthubutu mlangoni penye mawimbi. Wanafunzi wa fasihi wana sababu ya ziada ya kufika huko: ndiko nchi ya Ozi na Ungwana, ambako masimulizi ya Fumo Liyongo yana mizizi yake. Mwisho kabisa, msafiri asisahau kinga ya malaria, na akumbuke kwamba maji yaliyotuama deltani yana kichocho.

6.0 Pengo la istilahi

Msomaji atakuwa ametambua kwamba katika kueleza mambo haya tumetumia maneno ya aina mbili. Baadhi yako tayari katika hazina ya Kiswahili: kushua, diko, kafi, pondo, upo, kukumba, kizingo, gema, kilindi, bamvua. Haya tuliyarithi kwa mabaharia na wavuvi, nasi hatuna budi kuyatumia badala ya kuyaacha yafie kamusini. Pengine, hata hivyo, tumelazimika kueleza kwa sentensi nzima kitu ambacho wenzetu hukitaja kwa neno moja. Mti unaopitisha maji na kunasa mtu tunapendekeza uitwe chekeche la mto, kwa kuwa chekeche hupitisha unga na kuzuia pumba, na kila mtoto wa jikoni analijua. Maji yanayorudi nyuma ya jiwe yaitwe maji rejea. Mto wenye miamba na mteremko uitwe mto wa povu.

Hatudai kwamba mapendekezo haya ndiyo bora. Inawezekana kabisa kwamba Kipokomo, ambacho kimeishi na mto huu kwa karne nyingi, kina neno linalofaa kuliko letu, na kwa kuwa ni lugha ya Kisabaki, neno hilo litaingia katika Kiswahili bila ya kugongana na sauti zake. Kanuni ya kuchota istilahi kwanza kutoka lugha za Kibantu imefundishwa madarasani kwa miongo mingi. Lililobaki ni kwenda ukingoni na kuuliza.

Huenda mtu akasema kwamba mchezo wa kayaki ni wa wachache wenye fedha, na kwamba lugha ina mahitaji makubwa zaidi. Tungekubaliana naye lau mto ungewaua wachezaji pekee. Tarehe 28 Aprili 2024 mashua iliyobeba abiria ilipinduka katika mafuriko ya Tana karibu na Garissa, na watu kadhaa wakapoteza maisha. Hao hawakuwa watalii. Walikuwa wasafiri waliotaka kuvuka ng'ambo. Kanuni za kujiokoa ni zile zile kwa mchezaji na kwa msafiri, lakini mchezaji husomewa kabla ya kupanda chombo, naye msafiri huambiwa tu asogee wenzake wapate nafasi.

7.0 Hitimisho

Tumeonyesha kwamba safari ya mtoni hupangwa kwa kuyajua maji na majira yake, kuchagua madiko, kupima uwezo wa watu, kuandaa vifaa, kukubaliana juu ya ishara, na kuzijua hatari kwa majina yake. Nguzo hizi hazibadiliki kati ya Sagana na Idsowe, ila kila mahali pana uzito wake.

Tunapendekeza mambo mawili kwa wanachama wenzetu. Kwanza, wakati wa likizo ndefu, wanafunzi wanaotoka sehemu za mito na maziwa wakusanye msamiati wa vyombo, mikondo na uokoaji kutoka kwa wazee, kwani wengi wao wanaondoka. Pili, kanuni za kujiokoa majini ziandikwe kwa Kiswahili chepesi, katika ukurasa mmoja, zibandikwe kila kivuko cha mto Tana kabla ya masika.

Nilimsomea mzee wa Idsowe rasimu ya sehemu ile inayohusu mti uliolala majini. Aliisikiliza hadi mwisho, akaitikia kwa kichwa, kisha akaniuliza, "Hili, mwanangu, ulilijua lini?" Nikamjibu kwamba nililijua mafunzoni, miaka kadhaa baada ya mafuriko. Akasema, "Mimi nalijua tangu utotoni. Hakuna aliyeniuliza."